Sweta la Mbwa kwa Sikukuu ya Krismasi

Katika somo hili tutajifunza kumfumia mbwa sweta la sikukuu. Najua ya kuwa wengine wenu watacheka, hasa ninyi mkaao Chang'ombe, ambako mwezi wa Desemba mtu hutamani kuvua hata shati. Chekeni kwanza, kisha msome. Maana katika kazi hii ndogo mna hesabu, mna maarifa ya mwili wa mnyama, mna habari za hali ya hewa ya nchi yetu, na tena mna hatari ambayo mnyama asiyejua kusema aweza kufa kwayo.

Desturi hii haikuzaliwa pwani. Katika nchi za Ulaya na Marekani ya Kaskazini, Krismasi huja wakati wa baridi kali, na mahali pengi theluji huwa imefunika njia. Watu huvaa masweta mazito ya sufu yenye mapambo ya theluji, ya misonobari na ya kulungu wa kaskazini. Huko Uingereza, shirika la Save the Children lilianzisha mwaka 2012 siku maalumu ya kuvaa masweta ya Krismasi, nao wayavaao hutoa fedha kidogo kwa ajili ya watoto wenye shida. Desturi ikapita kutoka kwa watu ikafika kwa mbwa, nao wenye maduka hawakuchelewa kuona faida. Siku hizi picha za mbwa waliovikwa sufu nyekundu huonekana hata katika simu zetu, na mtoto wa Chang'ombe akiiona picha hiyo hutaka Simba wake naye apendeze. Si vibaya kutaka. Lakini picha haionyeshi kipimajoto.

Dar es Salaam iko kando ya bahari, karibu nyuzi 7 kusini ya Ikweta. Mwezi wa Desemba joto la mchana hufika nyuzi 31 au 32 za Selsiasi kivulini, na hewa imejaa unyevu wa bahari. Katika ua wenye kuta za matofali na mapaa ya mabati, kama zilivyo nyua zetu nyingi za Temeke, joto lazidi hapo.

Sasa mtazame mbwa. Yeye hatoki jasho mwilini kama mtu. Vipo vitezi vya jasho nyayoni mwake, lakini vyamsaidia kidogo tu. Njia yake kubwa ya kujipoza ni kuhema: hufungua kinywa, hutoa ulimi nje, huvuta pumzi na kuitoa upesi upesi, nayo maji ya kinywani na ulimini hugeuka mvuke na kulichukua joto. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, maji hayo hayageuki mvuke upesi, na kuhema hakumfai sana. Basi huyo mbwa ambaye tayari ashindwa kujipoza, ukimvika sufu, umemfungia joto lake ndani kama mtu afunikavyo chungu cha wali.

Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni nyuzi 38 hadi 39, yaani hupita la mtu kidogo. Likipita 41, viungo vya ndani huanza kuharibika, naye asipopozwa mapema hufa. Dalili zake ni hizi: huhema kwa nguvu pasipo kupumzika, hutokwa na ute mzito, ufizi huwa mwekundu sana, huyumba akitembea, mara nyingine hutapika. Ukiona hayo, usingoje kumwita mkubwa wako kwanza. Mvue vazi, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya baridi ya kawaida mwili mzima, mpepee kwa gazeti au kwa kipande cha boksi, mpe maji anywe kidogo kidogo. Kisha ndipo aitwe mganga wa mifugo.

Siku moja darasani mwanafunzi aliniuliza, "Shikamoo, Mwalimu. Mbona kondoo huvaa sufu yake mwaka mzima, wala hafi?"

Nikamjibu, "Marahaba, mwanangu. Je, umepata kumshika kondoo wa kwetu?"

Akasema, "Nimemshika, Mwalimu. Ana nywele fupi kama za mbuzi."

Naam, huo ndio ukweli. Kondoo wengi wa Tanzania, kama wale wekundu wa Wamasai na wale wenye kichwa cheusi na mkia wa mafuta, wana nywele fupi, si sufu ndefu. Wale wa sufu hufugwa zaidi nchi za baridi, au katika nyanda za juu kama zile za Kenya, nao hukatwa sufu yao kila mwaka. Mtoto yule alikuwa na jibu mkononi mwake kabla ya kuuliza swali.

Je, basi, sweta la mbwa halina kazi katika nchi yetu? Lina kazi, ila si Chang'ombe. Wengi wenu mna babu na bibi bara, nanyi mwezi wa Desemba hupanda basi pamoja na wazazi kwenda kula sikukuu kwao. Wako waendao Lushoto milimani, wako waendao Njombe na Makete. Huko Makete iko nyanda ya Kitulo, ambayo yapata mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Juni na Julai majani hupambazuka yakiwa na jalidi nyeupe. Hata mwezi wa Desemba, wakati wa mvua, usiku wa huko ni wa blanketi mbili. Mbwa mwenye nywele nyingi na mwili mnene hujitosheleza hata huko. Lakini kitoto cha mbwa kilichotengwa na mama yake, mbwa mzee, mbwa mwenye nywele fupi aliyekonda, au yule aliyetoka kuugua, hao hutetemeka usiku kucha, nao hutumia chakula chao chote kwa kujipasha moto. Kwa hao sweta ni msaada wa kweli, sawasawa na blanketi kwa mgonjwa.

Wala si mbwa peke yao. Mwaka 2001 mafuta ya meli yalimwagika baharini karibu na Phillip Island, katika nchi ya Australia, yakawachafua pengwini 438. Pengwini ni ndege wa baharini wasioruka. Hawa wa huko ni wadogo sana, hata mtu aweza kumbeba mmoja kwa mikono miwili. Ndege aliyepakwa mafuta hujisafisha kwa mdomo, na kila akijisafisha humeza sumu. Walinzi wakawavika visweta vidogo vya kufumwa, ili mdomo usiyafikie mafuta na mwili usipoe, mpaka kila ndege apate zamu yake ya kuoshwa. Katika kila ndege 100, 96 walipona. Watu wa nchi nyingi walipoisikia habari hiyo waliendelea kufuma na kutuma visweta, hata vikazidi mno, vingine vikavikwa wanasesere wa pengwini na kuuzwa ili kupata fedha za kuwatunza ndege. Ndege walivikwa kwa sababu, wakavuliwa sababu ilipokwisha.

Haya, tuje kwenye uzi. Madukani Kariakoo mtauziwa vibonge vya kila rangi, na muuzaji atasema vyote ni sufu. Uzi mwingi uitwao sufu si manyoya ya kondoo, bali umetengenezwa viwandani kwa dawa zitokanazo na mafuta ya petroli. Mwalimu aweza kuwaonyesha tofauti kwa kukiunguza kipande cha uzi juu ya sahani ya chuma, wanafunzi wakisimama mbali. Sufu ya kweli hunuka kama nywele zilizoungua, na jivu lake husagika vidoleni. Pamba hunuka kama karatasi iunguayo. Uzi wa kiwandani huyeyuka, kisha huganda ukawa kitone kigumu. Kwa sababu hiyo mbwa alalaye karibu na jiko la mkaa au la kuni, kama walalavyo mbwa wa Makete, asivikwe uzi wa kiwandani kamwe, maana cheche moja yatosha kuugandisha uzi katika ngozi yake.

Wako wadhanio kwamba kufuma ni kazi ya sufu tu. Sivyo. Kati ya vitu vya kale sana vya kufumwa vilivyohifadhiwa hata leo ni soksi za Misri, za tangu kabla ya mwaka 1500, nazo nyingi ni za pamba, nyingine zina mapambo ya buluu na nyeupe. Misri ni nchi ya jua kali kama yetu. Nasi pamba tunayo, yalimwa Mwanza, Shinyanga na Simiyu. Kumbukeni habari hii, tutairudia.

Kufuma kwa sindano mbili ni kutia kitanzi ndani ya kitanzi. Mama zetu wafumao vitambaa vya mezani kwa sindano moja yenye ndoana wajua jambo lilo hilo kwa njia nyingine. Katika sindano mbili viko vitanzi vya namna mbili tu: kitanzi cha mbele, ambapo uzi hukaa nyuma ya kazi na sindano huingia kutoka mbele kwenda nyuma, na kitanzi cha nyuma, ambapo uzi hukaa mbele na sindano huingia kutoka nyuma kuja mbele. Ukifuma mstari mmoja wa vitanzi vya mbele, na wa pili wa vitanzi vya nyuma, ukaendelea hivyo, upande mmoja wa kitambaa hutokea laini, kama sweta la shule. Ajuaye hayo mawili, na kuanzisha vitanzi, na kuvifunga, ajua sehemu kubwa ya kazi. Mwingereza William Lee aliunda mashine ya kufuma soksi mwaka 1589, lakini mashine yake haikufanya jambo lingine ila hilo la kutia kitanzi ndani ya kitanzi.

Kabla ya kufuma, pima. Mwite mbwa kwa upole, asimame, mwenzako amkune masikio. Kwa utepe wa fundi cherehani pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha mzunguko wa shingo, kisha mgongo tangu mwanzo wa shingo hata shina la mkia. Tuseme mbwa wa babu huko Njombe ana kifua cha sentimeta 56, shingo 36, na mgongo 45. Vazi lisimbane, kwa hiyo ongeza sentimeta 4 katika kifua na 4 katika shingo. Utapata 60 na 40. Mgongoni punguza 5, ili mkia ubaki huru, utapata 40.

Sasa fuma kipande cha kujaribia. Chukua sindano za unene wa milimita 5 na uzi wa unene wa kadiri, anzisha vitanzi 24, fuma mpaka kipande kiwe cha mraba, kiweke mezani bila kukivuta, uhesabu. Wanafunzi wengi huona uvivu kufuma kipande hiki, nao hujikuta wamemfumia mbwa vazi la ndama. Tuseme umepata vitanzi 18 katika sentimeta 10 za upana, na mistari 24 katika sentimeta 10 za urefu. Kwa sentimeta 60 za kifua wahitaji vitanzi 108. Vigawe: theluthi mbili kwa mgongo, yaani 72, na theluthi moja kwa tumbo, yaani 36. Kila kipande kiongezee vitanzi 2 kwa ajili ya mshono. Basi mgongo ni vitanzi 74 na tumbo ni 38. Vibonge vitatu vya gramu 50 vitatosha, na cha nne kiwe cha akiba.

Anza na mgongo, upande wa mkia. Mistari 10 ya kwanza fuma vitanzi 2 vya mbele na 2 vya nyuma, ukianza na kumaliza kwa viwili vya mbele; mstari wa kurudi uanze na viwili vya nyuma. Ukingo huo hunyumbuka, wala hauviringiki. Kisha fuma laini hata mistari yote itimie 72, ambayo ni sentimeta 30. Hapo anza kupunguza: katika kila mstari wa pili, fuma vitanzi viwili pamoja mwanzoni, na viwili pamoja mwishoni, mara 12. Vitabaki vitanzi 50, na urefu utakuwa sentimeta 40. Sasa rudia ule ufumaji wa viwili viwili kwa mistari 14, iwe kola, ukavifunge vitanzi kwa ulegevu, maana kichwa cha mbwa ni kinene kuliko shingo yake, nacho hakina budi kupita.

Tumbo hufumwa vivyo hivyo, ila ni fupi: mistari 48, kisha kupunguza kila mstari wa nne mara 6, vibaki vitanzi 26, halafu kola ya mistari 14. Pimeni wenyewe mwone kama kola mbili zikishonwa pamoja zatimiza sentimeta 40 za shingo. Kama mbwa ni dume, lilaze tumbo mwilini mwake kabla ya kushona, uhakikishe linakoma mbali na pale apitishapo maji, ama sivyo vazi litalowa siku ya kwanza na kumletea vidonda.

Kushona ni rahisi. Shona kola na sentimeta 10 zifuatazo, acha wazi sentimeta 10 za mguu, kisha shona sentimeta 10 zilizobaki. Fanya hivyo pande zote mbili.

Kuhusu mapambo, mimi sipendi theluji katika kazi za watoto wetu. Kwa nini mtoto ambaye hajapata kuiona theluji aifume, na nje ya mlango wake mwezi wa Desemba mkrismasi umechanua mwekundu mti mzima? Fuma mistari mipana ya rangi nyekundu ya ua hilo na kijani cha jani lake, yatosha. Usifume picha za rangi nyingi, kwa sababu nyuzi hubaki zikining'inia ndani, na makucha hunasa humo. Usishone vifungo, wala njuga, wala utepe. Mbwa hutafuna kila kilichomo karibu na kinywa chake, na uzi mrefu uliomezwa waweza kuukunja utumbo na kumwua. Vazi livuliwe usiku ikiwa hakuna wa kumwangalia, na livuliwe mara moja likilowa mvua.

Na mbwa wa Chang'ombe je? Naye ana sikukuu. Yeye mfumie leso ya shingoni kwa uzi wa pamba. Anzisha vitanzi 3, fuma vyote vya mbele, na katika kila mwanzo wa mstari ongeza kitanzi kimoja, hata vitimie 45. Utakuwa umepata pembe tatu yenye upana wa sentimeta 25. Vifunge, utie kamba fupi ya kusokota kila upande, uifunge juu ya ukanda wake kwa fundo lifunguklo kwa kuvutwa. Kitambaa hicho hakifuniki kifua wala tumbo, nalo joto hupata njia ya kutoka. Ukikilowesha maji asubuhi, kitampoza shingo kwa muda. Kazi yake ni ya jioni mbili, wala si ya wiki tatu.

Msimvike na kumwachia atembee mitaani. Kwetu Chang'ombe Waislamu na Wakristo tunakaa ua kwa ua, na siku ya sikukuu watoto wa pande zote hupitiana nyumbani kula pilau. Jirani aliyevaa kanzu safi hapendi kuguswa na ulimi wa mbwa, maana kwa sheria ya dini yake humpasa kupaosha palipoguswa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mfunge mbwa mahali pa kivuli, penye maji, mbali na ngoma na fataki, mpaka wageni waondoke.

Tena ikiwa fedha ya nyumbani haitoshi vibonge vya uzi na chanjo ya kichaa cha mbwa pamoja, chanjo itangulie. Hilo si shauri la mwalimu tu. Kichaa cha mbwa, dalili zake zikisha kuonekana kwa mtu, karibu hakina mponyaji. Nayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 yamkataza mtu kumtesa mnyama, wala haisemi kwamba mateso yakifanywa kwa mapenzi na kwa uzi mwekundu si mateso.

Maswali

1. Mbwa ana kifua cha sentimeta 46. Ongeza sentimeta 4, kisha tafuta hesabu ya vitanzi vya mgongo na vya tumbo, pamoja na vya mshono.

2. Kwa nini kuhema humsaidia mbwa wa Dodoma, penye hewa kavu, kuliko mbwa wa Chang'ombe, joto likiwa sawa?

3. Pengwini wa Phillip Island walivikwa kwa sababu gani mbili?

4. Mpime mbwa wa nyumbani au wa jirani, kwa ruhusa ya mwenyewe, ulete vipimo vitatu darasani siku ya Jumatatu.